Gereji ikikuharibia giaboksi ya otomatiki: namna ya kupima haidroliki, kuandika madai na kuyafikisha mbele, kwa wenye magari Mwanza

Madai mengi ya giaboksi hufa mapema kwa sababu mwenye gari hana kipimo. Anachojua ni kwamba Jumatatu gari lilikuwa zima na Ijumaa halishiki gia. Fundi atasema lilikuja bovu, na hapo hakuna wa kumbishia. Kwa hiyo kabla ya barua na kabla ya ofisi yoyote, shika stiki, ule ufito wa kupimia mafuta. Pima haidroliki (mafuta ya giaboksi ya otomatiki), andika ulichokiona, piga picha. Mengine yote yatasimama juu ya hicho.

Kupima

Tafuta mahali tambarare. Kwa Mwanza hilo si dogo. Ukikaa Isamilo au kwenye miinuko ya Mabatini, mbele ya nyumba yako huenda pasifae kabisa, maana mteremko mdogo tu unasogeza usawa wa mafuta kwenye stiki. Uwanja wa kituo cha mafuta kule Buhongwa au barabara ya kwenda uwanja wa ndege unatosha, na safari ya kufika huko inakusaidia kupasha moto giaboksi.

Kwa Toyota zenye stiki, kama IST za mwanzo, Raum na Spacio, endesha dakika 15 hadi 20 mpaka mafuta yafikie nyuzi 70 au 80. Simama, vuta hendibreki, acha injini ikiwaka. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia kuanzia P hadi L, kila moja sekunde mbili tatu, kisha urudi P. Vuta stiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ichomeke mpaka mwisho, uivute tena. Soma pande zote mbili, na ushike usomaji wa upande ulio chini. Mafuta yanatakiwa kuwa kati ya alama mbili za HOT.

Alama za COOL ni za kukadiria tu wakati wa kujaza. Wengi hukosea hapo: gari likiwa baridi wanajaza mpaka HOT, likipata moto mafuta yanatanuka, yanafikia sehemu zinazozunguka, yanapigwa mpaka yanatoa povu. Povu halina shinikizo la kubana klachi za ndani, kwa hiyo giaboksi iliyojazwa kupita kiasi huteleza sawasawa na ile iliyopungukiwa. Ukiongeza, tumia mrija mrefu, robo lita kwa robo lita, na upime kila mara.

Honda ina taratibu yake: zima injini kwanza, kisha pima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ukiipima ikiwaka, stiki itakudanganya.

Prado na magari mengi ya karibuni hayana stiki kabisa. Hapo usawa hupimwa gari likiwa limenyanyuliwa bila kuinama, injini ikiwaka, kwa kufungua nati ya kipimo chini ya giaboksi huku mashine ikisoma joto la mafuta, takriban nyuzi 35 hadi 45 kwa Toyota nyingi. Mafuta yakichuruzika kidogo kidogo, usawa ni sahihi. Yasipotoka, yamepungua. Fundi anayefanya kazi hii bila mashine ya kusoma joto anakisia, na kukisia kwake ni jambo la kuandika kwenye madai yako.

Kusoma rangi na harufu

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Kahawia yenye harufu ya kuungua ina maana klachi zimekuwa zikiteleza kwa muda. Rangi ya pinki kama maziwa ya stroberi ni maji: bomba la kupoza haidroliki lililo ndani ya rejeta limetoboka, na mara nyingi chanzo ni mtu kutumia maji ya bomba au ya ziwani miaka nenda rudi badala ya kulanti. Usiendeshe gari hilo hata hadi kona ya barabara. Ila usihukumu kwa rangi peke yake, kwani mafuta ya baadhi ya CVT (otomatiki zinazotumia mkanda na puli badala ya gia) za Nissan ni ya kijani tangu kiwandani.

Ukishapima, chukua kielelezo: chupa mbili safi zinazoonyesha ndani, kila moja na mafuta kidogo, zifungwe kwa selotepu na kusainiwa juu ya selotepu, ziwe na tarehe na kilomita zilizo kwenye dashibodi. Moja yako, nyingine ya gereji.

Kosa ni la nani

Hapa uwe mkweli kabla hujaanza kudai. Ukipeleka gari lenye kilomita laki mbili, haidroliki imeungua, gia tayari inachelewa kushika, ukaomba wabadilishe mafuta, na wiki mbili baadaye giaboksi ikafa, huna kesi. Ilikuwa inakufa. Fundi mwenye busara hukuambia hivyo kabla ya kufungua nati, na hukuandikisha.

Kesi zenye miguu ni za namna nyingine. Ya kwanza ni aina ya mafuta. Haidroliki za Toyota za aina ya T-IV na WS hazibadilishani, na haidroliki ya kawaida ikiwekwa kwenye CVT, mkanda wa chuma huteleza na kuchubua puli zake. Piga picha kopo lililotumika, upande wa lebo na upande wa namba ya toleo. Ikionekana kopo lenyewe ni la bandia, hilo ni shauri la ziada, na FCC (Tume ya Ushindani) hulishughulikia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa.

Ya pili ni kiasi. Ukimwaga kwa kufungua nati ya sampo, giaboksi ndogo ya Toyota hutoa lita 3 hivi kati ya 6 au 7. Nyingine hubaki kwenye tokonveta (kiunganishi cha injini na giaboksi) na mabomba. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni risiti kusema umebadilishiwa mafuta yote wakati lita zilizonunuliwa ni 3.

Ya tatu ndiyo chungu zaidi, na wenye Subaru wanaijua. Chini ya Forester ya otomatiki kuna nati ya oili ya injini, nati ya haidroliki na nati ya difu ya mbele, ambayo ina mafuta yake na stiki yake. Fundi mwenye haraka anaingia chini kumwaga oili ya injini, anafungua nati isiyo yake, kisha anamimina lita 4 mpya juu ya oili ya zamani. Injini sasa ina karibu maradufu, inatoa moshi na kuvuja kwenye sili. Giaboksi au difu ni kavu. Gari huwaka, huondoka, na hufa njiani. Kwenye Honda na Nissan za CVT pia nati hizo huchanganywa. Kwa hiyo baada ya kubadilisha oili ya injini popote, pima stiki zote kabla hujatoka getini. Ni dakika tano. Ukikuta oili ya injini imepita alama ya F (imejaa) kwa mbali, usiwashe tena: ita msimamizi aone, piga picha mkiwa wote pale.

Karatasi za kuwa nazo

Risiti ya EFD, kwanza kabisa. Bei ya "bila risiti" hupunguza shilingi na kukuondolea ushahidi, na kisheria hata mnunuzi asiyedai risiti ana kosa. Pamoja nayo weka kadi ya kazi inayosema uliomba nini na kilomita zilikuwa ngapi, picha za stiki na kopo, na ujumbe wa simu mliotumiana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe kama ushahidi, lakini usibadilishe simu wala kufuta mazungumzo. Karatasi iliyochapwa bila simu yenyewe hubishiwa kirahisi.

Giaboksi isifunguliwe bila gereji kualikwa. Madai mengi huharibikia hapa: fundi wa pili anaifungua, anatoa vyuma mezani, na fundi wa kwanza anasema mmeharibu ninyi.

Barua ya madai

Iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, bila matusi na bila hadithi:

*YAH: UHARIBIFU WA GIABOKSI, GARI NAMBA T …*
*Tarehe … nilileta gari hili likiwa na kilomita … kubadilishiwa oili ya injini. Nililipa Sh … kwa risiti ya EFD namba … Baada ya kilomita 14 gari lilikataa kushika D. Nilipima mbele ya … na kukuta stiki ya giaboksi kavu, na oili ya injini imezidi alama ya F. Picha na chupa ya kielelezo vimeambatanishwa. Giaboksi itafunguliwa tarehe … saa … kwa fundi …. Mnaalikwa kuwepo au kutuma mwakilishi. Naomba mlipe Sh … kama mchanganuo ulivyoambatanishwa, au mjibu kwa maandishi, ndani ya siku 14.*

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine wagonge muhuri na kusaini kuwa imepokelewa. Wakikataa kusaini, rudi na mjumbe wa mtaa ashuhudie, na utume picha ya barua kwa simu siku hiyo hiyo. Kwenye mchanganuo weka unachoweza kuthibitisha tu: ankara ya giaboksi, gharama ya kuvuta gari, uliyolipa mwanzo. Hasara ya siku za teksi bila kitabu cha mapato itakupunguzia heshima mbele ya anayesoma.

Wakizuia gari wakidai malipo, kumbuka kuwa sheria ya mikataba inampa fundi haki ya kushikilia kitu alichokifanyia kazi mpaka alipwe. Njia fupi mara nyingi ni kulipa, ukaandika kwenye nakala ya ankara kwamba umelipa huku ukipinga, ukaondoka na gari lako.

Wasipojibu

FCC hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Peleka barua ya malalamiko yenye jina la biashara kama lilivyo kwenye risiti (si lile la kwenye bango), mahali ilipo, tarehe, unachotaka, na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri. Halisi baki nazo. Mara nyingi wito wa ofisi huleta gereji mezani.

Wakikubali kulipa kwa awamu, yaandikwe makubaliano yenye kiasi na tarehe, yasainiwe mbele ya mashahidi. Ukiwa nayo, madai yako yamekuwa deni la mkataba, na deni kama hilo lisilozidi Sh milioni 30 unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo ya eneo gereji ilipo. Bila makubaliano, na kama unadai fidia ya uharibifu wenyewe, nenda Mahakama ya Wilaya, Nyamagana au Ilemela kulingana na mahali gereji ilipo. Siku ya kusikilizwa nenda na fundi aliyefungua giaboksi, maana barua yake haiwezi kuulizwa maswali, na nenda na ile chupa ikiwa bado na selotepu yake.