Pembe au mfupa? Weka sindano chini, shika lenzi

Wanaoniletea viti vya enzi, vile vya kale vya Waswahili vilivyopambwa kwa vipande vyeupe, nivikarabati hapa Mji wa Kale huuliza swali lile lile: hivi vipande vyeupe ni pembe ya ndovu au mfupa? Wengine huja wameshajijibu kwa sindano ya moto. Naomba tuiache kabisa. Kiti kimoja kilinifikia na matundu saba meusi kwenye egemeo. Mwenyewe aliona hakiyeyuki kitu, akaamini ni pembe. Kumbe mfupa. Sindano humwumbua plastiki peke yake. Pembe na mfupa vyote haviyeyuki, na kovu lake halifutiki.

Jambo moja kwanza. Kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kuwa na pembe bila kibali ni kosa. Huu ni mwongozo wa kutambua, si wa kununua wala kuuza. Ukigundua unayo, nenda Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) ukaulize.

Hatua ya 1: Pangusa vumbi. Tumia brashi laini, kavu. Usitie maji, na ndimu usiisogeze hata karibu, maana asidi hula madini ya pembe. Unyevu wa pwani pekee unatosha kuivimbisha pembe na kuipasua.

Hatua ya 2: Tafuta mwanga wa ubavuni. Mimi hukaa barazani asubuhi. Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha.

Hatua ya 3: Tafuta mahali palipokatwa kwa kukingama. Hapa ndipo penye siri yote. Sisi twaiita pembe, lakini ni jino la mbele la taya la juu, lililokua tabaka juu ya tabaka. Nje lina gome jembamba. Ndani ni dentini tupu, yaani ule mwili mgumu wa jino. Dentini hiyo imejaa vijimfereji vitokavyo katikati kwenda kwenye gome, kila kimoja na upana wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au mbili hivi. Lenzi yako haiwezi kuvionyesha. Unachokiona ni kazi yao kwa pamoja: havinyooki, huyumba kama mawimbi, na mwanga ukivipiga hutokea mistari ya weusi na weupe inayopishana kwa mshazari. Mtu aliyezoea mkeka wa ukili ataitambua mara moja. Huitwa mistari ya Schreger, kwa jina la Bernhard Schreger, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1800. Kila nikiiona huutoa mkono kwenye kipande kwanza, nikapumua.

Usikate tamaa usipoiona. Vipande vingi vya viti nilivyovishika vilipasuliwa kwa urefu wa pembe, na upande huo huonyesha michirizi hafifu tu ya mawimbi. Geuza, angalia ncha na kingo.

Hatua ya 4: Ondoa wanaofanana nayo. Mfupa una mifereji ya damu: kwa kukingama utaona vitone, kwa urefu vijistari vifupi, mara nyingi vimejaa uchafu mweusi. Pembe haina vitone hivyo. Jino la kiboko lina mistari myembamba inayozunguka, isiyokatana. Plastiki ya kuigiza huwa na mistari sambamba, sawasawa mno.

Hatua ya 5: Pima. Kwa mkato wa kukingama tu. Piga picha kwa kamera iliyo wima juu ya kipande, uichapishe, chora mistari iliyo karibu na gome, kisha weka protrakta pale inapokatana. Pima sehemu tano au zaidi, utafute wastani. Kwa ndovu, nafasi kati ya mistari inayokatana huwa pana: ikizidi nyuzi 115, ni ndovu. Ikiwa zote ziko chini ya 90, ni mamothi, yule mnyama wa kale wa nchi za baridi. Kati ya hapo wawili hao huingiliana, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Usidhani ya mamothi hayatuhusu: zipo nchi zinazoruhusu kuiuza pembe yake, na walanguzi huipitisha pembe ya ndovu kwa jina hilo.

Hatua ya 6: Andika. Kipande kipi, upande upi, uliona nini, nyuzi ngapi. Gundisha karatasi nyuma ya picha, si kwenye kiti, ili fundi au ofisa atakayekuja baadaye atazame palepale ulipotazama wewe.