Jinsi ya kujipima na kupanga kanda za mapigo ya moyo kwa mkimbiaji wa Dar

Wakimbiaji wengi wanaonijia hapa Dar wana hesabu moja kichwani ya kujua mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika: 220 toa umri. Iweke pembeni. Hesabu hiyo ni wastani wa watu wengi. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Ukiifuata, siku zako nyepesi zinaweza kugeuka nzito bila wewe kujua, ukapiga tizi miezi mingi na muda wako usishuke.

Kipimo ninachokipendelea ni cha dakika 30. Kinatafuta kizingiti chako, yaani kiwango ambacho ukikivuka, laktati (kemikali inayotolewa na misuli ikifanya kazi) hurundikana kwenye damu haraka kuliko mwili unavyoiondoa. Kama una presha, maumivu ya kifua au ndiyo kwanza unaanza mazoezi, muone daktari kwanza. Hiki ni kipimo kizito.

Hatua ya 1: Siku na njia

Pumzika au kimbia kidogo sana siku mbili kabla. Anza saa 12 asubuhi, kabla jua halijachoma. Tafuta njia tambarare isiyo na makutano mengi: Toure Drive alfajiri ya Jumapili inafaa, na uwanja wenye mzunguko wa mita 400 ni bora zaidi. Vilima vya Mlimani viache kwa siku nyingine.

Hatua ya 2: Kifaa

Vaa mkanda wa kifuani ukiupata, hata wa kuazima. Saa ya mkononi husoma kwa mwanga, na ikilegea kwa jasho inaweza kuhesabu hatua zako badala ya mapigo. Ukiona namba imeganda kwenye 170 na ushee tangu dakika ya kwanza, usiiamini.

Hatua ya 3: Pasha mwili

Dakika 15 za joging, kisha mbio fupi tatu au nne za sekunde 20.

Hatua ya 4: Dakika 30, peke yako

Kimbia kwa kasi kubwa kadiri unavyoweza kuihimili hadi mwisho. Usikimbie na kundi; ukiwa na wenzako utashindana nao, na kasi haitakuwa yako. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutoka kwa nguvu, halafu kufikia dakika ya 12 mtu anaburuta miguu. Dakika tano za mwanzo jizuie kidogo. Ikifika dakika ya 10, bonyeza kitufe cha mzunguko (lap) kwenye saa. Wastani wa mapigo kwa dakika 20 zilizobaki ndiyo namba yako ya kizingiti.

Hatua ya 5: Hesabu

Tuseme umepata 168. Kanda zako, yaani viwango vya mapigo kutoka mbio nyepesi hadi nzito, zitakuwa hivi (asilimia ni za hiyo 168):

- Kanda 1 (chini ya 85%): chini ya 143
- Kanda 2 (85–89%): 143–150
- Kanda 3 (90–94%): 151–159
- Kanda 4 (95–99%): 160–167
- Kanda 5 (100% na zaidi): 168 kwenda juu

Namba hizi ni za kukimbia. Kwenye baiskeli kizingiti huwa chini kidogo, kwa hiyo jipime upya huko.

Hatua ya 6: Zitumie ukijua joto la Dar

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Kwenye joto, damu nyingi huenda kwenye ngozi kuupoza mwili, na jasho hupunguza maji ya damu. Moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, hivyo unaongeza mapigo. Unyevunyevu wetu unazidisha tatizo, maana jasho linatiririka bila kukauka. Kwa hiyo mwezi wa Januari mapigo yatapanda ingawa kasi ni ileile ya Julai. Siku nyepesi, fuata mapigo: punguza kasi, hata utembee, ubaki kanda ya 1 au ya 2. Nyingi ya mbio zako za wiki ziwe huko. Kama huna saa, ongea: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, uko sawa.

Hatua ya 7: Rudia

Kila wiki 6 hadi 8, njia ileile, saa ileile ya asubuhi. Andika pia umbali uliokimbia ndani ya zile dakika 30. Umbali ukiongezeka na mapigo yakabaki palepale, umeimarika, na kanda zako huna haja ya kuzigusa.