Namna ya Kukubali Pendekezo kwa Kiingereza Bila Kueleweka Vibaya

Mtu akikuambia kwa Kiswahili "Tukutane kesho asubuhi stendi," nawe ukamjibu "Sawa," miadi imeshafungwa na hakuna atakayedhani kwamba umechukia. Kiingereza hakiko hivyo. Neno "Okay" likitamkwa peke yake, hasa kwa sauti inayoshuka, humfanya aliyetoa pendekezo ajiulize kama umekubali kwa hiari au shingo upande. Ndiyo maana wanafunzi wengi wanaoijua sarufi vizuri huonekana wakavu mbele ya wenyeji wa lugha hiyo, ilhali moyoni wamefurahi. Neno lenyewe, katika chapisho lake la mwanzo linalojulikana, lilitokea katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, likiandikwa "o.k.", kifupisho cha "oll korrect", tahajia iliyoharibiwa kwa makusudi ya maneno "all correct". Kwa asili, basi, lilisema kwamba jambo halina kasoro, wala halikusema kwamba msemaji amelifurahia, na hadi leo limebaki na ubaridi huo.

Dawa yake ni kukubali kwa vipande viwili. Cha kwanza ni neno la kuridhia, na cha pili ni swali au taarifa inayousogeza mpango mbele. Ukisema "Sure, what time?" umesema "Sawa, saa ngapi?" Ukisema "Sounds good, I'll bring the drinks," umesema "Vizuri, vinywaji nitakuja navyo mimi." Kipande cha pili ndicho kinachobeba uthibitisho, kwa sababu asiyetaka kwenda haulizi saa.

Hata hivyo, kabla ya kukubali ni lazima utambue kwamba umepewa pendekezo. Sentensi "Why don't we meet on Thursday?" ikifasiriwa neno kwa neno huonekana kuwa inauliza sababu, na nimewaona wanafunzi wakianza kujieleza kwa nini hawajakutana na mtu huyo, kumbe yeye amesema tu "Tukutane Alhamisi." Vivyo hivyo, "How about Thursday?" ni "Vipi Alhamisi?", na "Shall we go?" ni "Twende?" Jibu linalolingana na hili la mwisho ni "Yes, let's," yaani "Haya, twende." Nchini Uingereza utasikia pia "Do you fancy a coffee?", ambayo ni mwaliko wa kwenda kunywa kahawa.

Sasa tuyapime maneno ya kuridhia kwa joto lake. Kwa mwaliko wa nyumbani au wa sherehe, tumia "I'd love to," ambayo ni kukubali kwa moyo mkunjufu. Ongeza "thank you" na mwenyeji wako ataridhika. Kwa mpango wa marafiki, "Count me in" humaanisha "Nami nimo," na "I'm up for that" humaanisha "Niko tayari kwa hilo." Vijana, hasa wa Marekani, husema "I'm down" kwa maana ileile, ingawa "up" ni juu na "down" ni chini. Mimi ningekushauri uielewe ukiisikia, lakini usimwambie mkuu wako wa kazi. Kwa shughuli za ofisini, msemo ninaoupendelea kuliko yote ni "That works for me," kwa kuwa una adabu, ni mfupi, na unafaa kwa mdomo na kwa barua pepe: "Friday at ten works for me" ni "Ijumaa saa nne inanifaa."

Kuna jozi moja inayowakwaza sana wasemaji wa Kiswahili. Kwa kuwa sisi husema "Nimekubali," tunakimbilia "I agree" au "I have accepted." Mtu amekualika chakula cha mchana, nawe unamjibu kana kwamba unatia saini mkataba. "I agree" ni ya maoni: mwenzako amesema bei imepanda, nawe unaona hivyo. Mwaliko hujibiwa kwa "Yes, I'd like that" au kwa mojawapo ya misemo niliyoitaja hapo juu.

Tahadhari pia na "I don't mind." Ukiulizwa kama unataka chai au kahawa, jibu hilo lina maana ya "Yoyote itafaa," na halina kosa. Lakini ukialikwa harusini ukajibu hivyo, umesema kwamba uende usiende, kwako ni mamoja. Kitenzi hichohicho kikitumika katika swali hugeuza jibu juu chini: "Do you mind if we start early?" huuliza kama utakerwa wakianza mapema, kwa hiyo anayekubali husema "No, not at all." Ukijibu "Yes" peke yake, umekataa.

Jambo hili linagusa tofauti kubwa zaidi kati ya lugha hizi mbili. Kwa Kiswahili, mtu akiuliza "Kwa hiyo huji?" tunaweza kujibu "Ndiyo, siji," kwa kuwa tunathibitisha maneno yake. Kiingereza hakitazami maneno ya muulizaji, bali hutazama tendo lenyewe: kama huendi ni "No, I'm not," na kama unakwenda ni "Yes, I am," hata swali liwe limekanushwa. Usiache "Yes" ielee peke yake mahali kama hapo. Malizia sentensi, na shaka itaondoka.

Yapo vilevile maneno yanayofanana na kukubali, kumbe ni kukataa kwa upole. Ukikaribishwa chakula ukajibu "I'm good" au "I'm fine, thanks," sahani haitaletwa, kwa sababu umesema "Nimetosheka, asante." Naye anayekujibu "I'll let you know" hajakubali bado, hivyo usimhesabu miongoni mwa wageni.

Kwa maandishi, funga kwa "Looking forward to meeting you," yaani "Natarajia kwa furaha kukutana nawe," ukizingatia kwamba baada ya "to" hapo huja "meeting," si "meet."

Mwisho, rudia siku, saa na mahali kwa sauti, kwani saa ndiyo inayovunja miadi mingi. Saa yetu huanza kuhesabiwa alfajiri na yao huanza usiku wa manane, kwa hiyo "eight o'clock" ni saa mbili, nayo saa nane mchana ni "two o'clock." Waingereza husema pia "half four" wakimaanisha saa kumi na nusu jioni. Mkishaelewana, sema: "So, Saturday, half past four, at the ferry. See you there." Mwenzako akijibu "Perfect," mpango umekamilika.