Mkojo ukibadilika rangi: maswali ninayouliza dirishani pa maabara

Nafanya kazi ya maabara katika zahanati moja mjini Moshi. Mtu akileta kopo na kuninong'oneza kwamba mkojo wake umekuwa mwekundu, kabla ya kuligusa namuuliza: jana ulikula nini, unatumia dawa gani, na unaumwa wapi? Nenda kwa daktari ukiwa na majibu hayo, maana rangi peke yake haitoshi.

Bitiruti, ambayo siku hizi tunaichanganya kwenye juisi, inaweza kuufanya mkojo uwe wa waridi kwa siku moja au mbili. Vitamini B huleta njano kali. Flagyl inaweza kuleta kahawia. Wanaotibiwa kifua kikuu, wakiwemo wale wa hospitali ya Kibong'oto, hukojoa rangi ya chungwa kwa sababu ya dawa ya rifampisini; hata machozi na jasho hubadilika. Hiyo si damu. Nawaomba sana, msikatishe dozi kwa ajili hiyo, kwani kuikatisha kunaweza kuleta kifua kikuu sugu.

Njano iliyokolea, kwa mtu aliyeshinda juani shambani, mara nyingi ni upungufu wa maji. Akinywa maji ya kutosha, baada ya saa chache rangi hupungua. Lakini mpagazi aliyeshuka mlimani, au mkimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, akikojoa mkojo mweusi kama soda huku misuli inauma na kulegea, aende hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyoumia humwaga protini kwenye damu, nayo huharibu figo.

Sasa damu. Hapa ndipo ninapobishana na wazee wetu. Baba anaona damu mara moja, haumwi popote, kesho yake mkojo ni safi, anasema imepita. Baba yangu, damu isiyo na maumivu kwa mtu aliyevuka miaka 40, hasa mvuta sigara, inaweza kuwa saratani ya kibofu, na saratani hiyo hutoa damu ikakoma, kisha ikarudi. Usingoje irudi. Anza kituo cha karibu, omba rufaa. KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, kuna madaktari bingwa wa njia ya mkojo. Na kama yanatoka mabonge ya damu au mkojo umeziba kabisa, usisubiri hata asubuhi.

Kijana anayeoga kwenye mifereji au kulima mpunga, damu ikimtoka mwishoni mwa kukojoa, nafikiria kichocho. Huyo namwambia alete mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, na yale matone ya mwisho asiyamwage. Kinatibika kwa prazikwanteli.

Mtoto aliyeugua koo wiki moja hadi tatu zilizopita, au vidonda vya ngozi wiki tatu hadi sita zilizopita, akianza kukojoa rangi ya kahawia na uso umevimba, mpelekeni leo. Figo zake zimeathirika. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi pamoja na macho ya njano, au choo kilichopauka, mara nyingi ni ini au nyongo. Nao ni wa kuwahi.

Mkojo wenye ukungu unaochoma, wengi huuita U.T.I, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kukimbilia duka la dawa. Pima kwanza. Ukishameza antibiotiki, hata nikiotesha mkojo wako, yaani kuwakuza bakteria waliomo ili niwatambue, naweza nisimpate mdudu, na daktari atabaki kukisia. Ukiongezeka homa, kutapika au maumivu ya mgongo ubavuni, maambukizi huenda yamefika kwenye figo: nenda siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asivumilie hata mchomo mdogo. Akiona mkojo una povu, kichwa kinamgonga, macho yana kiwi au uso umevimba, aende hata kama ni usiku. Hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Kuhusu sampuli: jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati kwenye kopo safi tunalokupa. Chupa ya maji uliyoisuuza nyumbani haifai. Dada aliye kwenye hedhi aniambie, nisije nikaandika damu isiyohusika. Mkojo ukikaa zaidi ya saa moja au mbili kwenye joto, bakteria huzaliana na majibu hupotosha. Kwa hiyo mnaotoka Kibosho au Uru, msiubebe kwenye daladala. Njooni mkojolee hapa hapa.