Kabla hujabofya "Ingiza": maandalizi ya kupakia maelfu ya bidhaa kwenye duka la mtandaoni

Saa nne usiku umebofya kitufe. Saa saba asilimia imefika 12 na imeganda hapo, kivinjari kinazungusha kile kiduara chake, nawe huthubutu hata kufunga kompyuta. Faili lenyewe lina bidhaa 40,000 na uzito wa megabaiti 12 hivi, yaani kama picha tatu nne za simu. Diski ya SSD huandika mzigo huo kabla hujapepesa macho. Sasa hizo saa tatu zimeliwa na nini?

Zimeliwa na kazi inayofanyika pembeni ya kila mstari: kutafuta kama bidhaa ipo, kushusha picha, kuitengeneza upya kwa vipimo sita, kusasisha faharasa ya utafutaji, kufuta kache (nakala za muda za kurasa), kurudi kwenye hifadhidata kuuliza jina la kategoria ambalo iliuliza mstari uliopita. Nimeona watu wakihamia seva kubwa zaidi na mzigo ukaendelea kutambaa vilevile. Kwa hiyo karibu yote ninayoyataja hapa hufanyika mchana, kabla, ukiwa bado na akili timamu.

La kwanza, na ndilo linalorukwa mno, ni kujua muda unapotelea. Tengeneza nakala ya duka pembeni, kata mistari 500 ya faili, ipakie huku ukitazama saa. Kisha toa safu ya picha uipakie tena. Ikiwa dakika 20 zimegeuka dakika mbili, umeshapata jibu, na hakuna mpangilio wa hifadhidata utakaokusaidia; kinachokuchelewesha ni seva ya mtu mwingine inayokupa picha moja moja. Zishushe picha zote mapema, ziweke kwenye seva yako, halafu ndipo uingize bidhaa.

Baada ya hapo jaribu mistari 5,000. Ikichukua muda mara kumi ya ile 500, mambo ni ya kawaida. Ikichukua mara thelathini, kuna kitu kinachokua kadiri jedwali linavyojaa, na mara nyingi ni utafutaji kwa SKU, yaani msimbo wa kipekee wa kila bidhaa, kwenye safu isiyo na faharasa (orodha inayoielekeza hifadhidata mstari ulipo): kila bidhaa mpya inalazimisha hifadhidata kusoma jedwali zima kutoka juu hadi chini. Faharasa moja hapo huokoa usiku mzima. Wanaotumia hifadhidata ya MySQL huwasha kumbukumbu ya maswali ya polepole (slow query log) wakaikuta tupu, wakahitimisha kwamba hifadhidata haina kosa. Kizingiti chake cha kawaida ni sekunde 10, na tatizo letu si swali moja la sekunde 10 bali maswali laki kadhaa ya milisekunde chache. Kwenye ile nakala ya majaribio, weka kizingiti hicho, long_query_time, kiwe 0 uone yote yanayopita. Utashangaa jinsi swali moja linavyojirudia.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa uifanye kwenye karatasi. Tuseme kila bidhaa inaleta maswali 25, jambo ambalo si ajabu kwenye mifumo ya maduka. Bidhaa 40,000 ni maswali milioni moja. Ikiwa hifadhidata iko kwenye mashine ileile na kila safari ni milisekunde moja, hiyo ni sekunde 1,000, dakika 17 hivi. Ukiendesha upakiaji kutoka kompyuta yako ya mezani kwenda seva ya mbali, kila safari ikala milisekunde 20, mzigo uleule unachukua saa tano na nusu bila hifadhidata kutoa hata tone la jasho. Kwa hiyo peleka faili kwenye seva kwanza, uendeshe kazi huko huko. Na kama script ni yako mwenyewe, soma kategoria zote, chapa zote na SKU zote mara moja mwanzoni, uziweke kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), badala ya kuuliza kwa kila mstari. SKU 40,000 kwenye kumbukumbu ni kitu kidogo sana.

Jambo linalofuatana na hilo ni miamala, yaani mafungu ya mabadiliko ambayo hifadhidata huyakubali yote au huyakataa yote. Kwa kawaida MySQL hufunga muamala baada ya kila INSERT (amri ya kuongeza mistari), na kila unapofungwa InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, huhakikisha kumbukumbu yake imefika kwenye diski kweli kweli ndipo iendelee. Ni tabia njema kwa oda ya mteja. Kwa orodha ya bidhaa ambayo faili lake bado unalo mkononi, ni mateso. Funga mistari kwa mafungu: INSERT moja yenye mistari mia kadhaa, na muamala mmoja kwa kila mistari elfu moja au mbili. Usivuke upande wa pili ukaweka faili zima ndani ya muamala mmoja. Ukikatika kwenye mstari wa 39,000, hifadhidata itaanza kurudisha nyuma kila kitu, na kurudi huko kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kwenda. Kuna pia innodb_flush_log_at_trx_commit, ambayo ukiibadilisha kutoka 1 kuwa 2 diski hupumua kidogo. Lakini ukishafunga kwa mafungu faida yake hupungua sana, na kama oda zinaendelea kuingia, seva ikizima ghafla unaweza kupoteza miamala ya sekunde ya mwisho hivi, oda za watu zikiwemo. Mimi siigusi kwenye duka lililo hewani.

Njia ya kasi kuliko zote ni kuacha kabisa INSERT za kawaida: LOAD DATA kwa MySQL, COPY kwa PostgreSQL. Amri hizi humeza faili zima la CSV kwa mkupuo. Usilimwage faili moja kwa moja kwenye majedwali ya duka. Tengeneza jedwali la mpito lisilo na masharti yoyote, mwaga humo, kisha kagua kwa utulivu: SKU zilizojirudia, bei zilizo tupu, kategoria zisizokuwepo. Ukiridhika, swali moja la kuunganisha linahamisha zilizo safi. Jaribu amri hiyo siku moja kabla, maana tangu MySQL 8.0 local_infile, mpangilio unaoruhusu kupakia faili la upande wako, imezimwa mwanzoni, na saa nane usiku si wakati wa kugundua kwamba huna ruhusa ya kuiwasha.

Hapa lazima niweke angalizo, kwa kuwa wengi wakishaonja kasi hii hujisahau. Duka la mtandaoni si jedwali moja lenye safu ya bei. Kwenye WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya WordPress, bei ya bidhaa imo ndani ya wp_postmeta, na tangu toleo la 3.6 la mwaka 2019 imo pia kwenye wp_wc_product_meta_lookup, ambalo ndilo linalotumika kupanga na kuchuja. Ukibadilisha la kwanza ukaliacha la pili, ukurasa wa bidhaa utaonyesha bei mpya huku orodha ikipangwa kwa bei ya zamani. Magento, mfumo mwingine wa maduka, nayo hutawanya sifa za bidhaa kwenye majedwali kadhaa kulingana na aina ya data: maneno huku, desimali kule, tarehe kwingine. Msimamo wangu ni huu: kusasisha bei na idadi kwa amri za SQL moja kwa moja kwenye hifadhidata kunafaa, ilimradi umeorodhesha majedwali yote yanayohusika na umejaribu kwenye nakala. Kuunda bidhaa mpya, hasa zenye rangi na saizi mbalimbali, pitia kwenye programu ya duka yenyewe hata kama ni polepole. Muda unaookoa usiku utaulipa mchana ukitafuta bidhaa zinazoonekana kwenye utafutaji lakini hazifunguki.

Sasa orodhesha kila kinachoamka bidhaa inapohifadhiwa. Kwenye Magento, angalia kama faharasa zimewekwa kusasishwa kila unapohifadhi. Zihamishie kwenye ratiba kabla ya kuanza. PrestaShop, nao mfumo wa maduka, ina chaguo la kuruka utengenezaji wa vijipicha wakati wa kuingiza. Utavitengeneza vyote baadaye kwa mara moja. WordPress ina wp_defer_term_counting, inayoizuia isihesabu upya idadi ya bidhaa za kategoria kila bidhaa inapoongezwa. Halafu kuna programu-jalizi, na hapa usimwamini mtu, ifungue moja moja: ya SEO, ya tafsiri, ya kutuma taarifa kwa mfumo wa ghala, ya kutuma barua pepe. Hii ya mwisho nimeilipia kwa aibu. Tuliingiza faili lililoweka idadi zote kuwa sifuri kwanza, halafu likafuata lenye idadi sahihi. Mfumo ukaelewa kwamba bidhaa zote zimerudi dukani kwa pamoja, ukawaandikia wote waliowahi kuomba kujulishwa, wengine wakapata barua kumi na moja asubuhi moja. Upakiaji nao ulikuwa wa polepole, naam: muda wake mwingi ulikuwa ukienda kwenye kutuma hizo barua.

Faharasa na funguo za kigeni (masharti yanayounganisha majedwali) huzungumzwa sana, nami nitazipitia kwa kifupi. Kuondoa faharasa za ziada kabla ya kupakia na kuzirudisha baadaye husaidia pale jedwali linapoanza likiwa tupu. Duka likiwa na wateja ndani, faharasa ukiitoa, kurasa zao ndizo zitakazokwama. Kuzima foreign_key_checks kunaongeza kasi, ila fahamu kwamba ukiiwasha tena MySQL hairudi nyuma kukagua yaliyoingia wakati imezimwa. Bidhaa yatima utakayoipitisha hapo itabaki yatima.

Faili lenyewe lastahili saa nzima ya macho yako. Lifungue kwa kihariri cha maandishi, usilifungue kwa Excel. Excel ikiona msimbopau 0012345678905 hudhani ni hesabu, hutupa sifuri mbili za mbele, na tarakimu kumi na moja zilizobaki hazifanani tena na chochote kwenye hifadhidata. Kwenye namba inayozidi tarakimu 15, tarakimu zinazofuata huzigeuza kuwa sifuri, na ukishahifadhi faili hazirudi. Kama msimbopau ndio SKU yako, mfumo wa duka usipoipata hautapiga kelele. Utaunda bidhaa mpya. Ndivyo unavyoamka na bidhaa 80,000 badala ya 40,000, na upakiaji uliochukua muda mara mbili.

Kuna na hii: faili la UTF-8 linaweza kuanza na baiti tatu zisizoonekana, EF BB BF. Kwa macho yako kichwa cha safu ya kwanza ni "sku". Kwa programu ni kitu kingine kilichoanza na takataka tatu, kwa hiyo safu ya SKU "haipo", na kila mstari unahesabiwa kuwa mpya. Niliwahi kukaa na faili la namna hiyo nusu siku nikilinganisha herufi tatu na herufi tatu. Tazama pia desimali: 12,50 na 12.50 si kitu kimoja, na mkato ndani ya CSV iliyotenganishwa kwa mkato unasogeza safu zote kulia.

Kisha jiulize kama kweli unahitaji kupakia mistari yote. Kama muuzaji wa jumla anakuletea orodha nzima kila usiku, huenda zilizobadilika ni mia chache tu. Kokotoa alama (hash) ya kila mstari, yaani kifupi kinachobadilika mstari ukibadilika, MD5 inatosha kwa kazi hii, ihifadhi pembeni ya SKU, na kesho yake linganisha. Mistari ambayo alama yake haijabadilika iruke. Hakuna mpangilio wa seva unaoshinda kazi isiyofanywa.

Upande wa seva, usiendeshe upakiaji mkubwa kupitia kivinjari. PHP, lugha inayoendesha mifumo hii ya maduka, kwa mipangilio yake ya awali huikata kazi baada ya sekunde 30 na haipokei faili linalozidi megabaiti 2. Ikiendeshwa kutoka terminali kikomo hicho cha muda hakipo. Tumia tmux au screen ili intaneti yako ikikatika kazi isife nayo. Angalia innodb_buffer_pool_size, nafasi ya RAM ambayo MySQL hutunzia data: ikiwa bado ni megabaiti 128 za awali kwenye mashine yenye gigabaiti 16, hapo kuna faida ya bure. Na nafasi ya diski: kumbukumbu za mabadiliko (binlog) nazo hukua wakati wa upakiaji, na diski ikijaa katikati ya kazi duka zima linasimama.

Nakala rudufu nadhani hakuna haja ya kuhubiri. Ichukue kwa mysqldump --single-transaction ili majedwali yasifungwe, na uirudishe kwenye mashine nyingine mara moja kabla ya siku yenyewe, ukipima muda. Ikichukua dakika 50 kurudi, basi ujue uamuzi wa kusitisha na kurudisha nakala lazima ufanyike dakika 50 kabla ya wateja kuamka.

Safu moja bado, nayo ni idadi ya bidhaa zilizopo. Faili limetolewa jioni saa kumi na mbili. Wewe unalipakia saa sita usiku. Katikati hapo watu wamenunua. Ukiipitisha safu hiyo, unarudisha dukani vitu vilivyokwisha uzwa. Iondoe kwenye faili kubwa, uiingize peke yake mwishoni kutoka orodha mpya, ambayo kwa kuwa ni SKU na namba tu itapita kwa dakika chache. Yote yakishaingia, endesha ANALYZE, amri inayosasisha takwimu za jedwali, kwenye majedwali yaliyojaa, washa ulivyozima kwa kufuata ile orodha uliyoandika, futa kache mara moja, kisha fungua duka kama mteja: bidhaa moja ya mwanzo wa faili, moja ya katikati, moja ya mwisho, na ile yenye msimbopau unaoanza na sifuri.