Maporomoko ya Sanje kutokea Dar: panga saa kwanza, pesa baadaye

Tangazo la Sanje linalosema "kwenda na kurudi siku moja" lipite tu. Hesabu yake haikubali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni kilomita 350 na ushee. Basi huchukua saa saba hadi tisa, kutegemea foleni ya Kimara hadi Kibaha na mizani za njiani. Kupanda na kushuka Sanje ni saa nne kwa mwenye pumzi, tano kwa mtu wa kawaida, sita kwa kundi linalopiga picha kila kona. Anayeondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi anafika Mang'ula kati ya saa saba na saa tisa mchana, jua limeshaanza kuegemea nyuma ya mlima. Hakuna mwongozaji makini atakayempandisha mtu saa hiyo, maana msituni giza huingia mapema kuliko barabarani.

Mpango unaofanya kazi ni siku tatu, usiku mbili: ondoka Ijumaa, panda Jumamosi asubuhi, rudi Jumapili. Mwenye siku moja tu apande treni ya SGR hadi Morogoro, ambako hufika ndani ya saa mbili, atafute mwongozaji wa kumpandisha Uluguru kwenye maporomoko ya Choma. Ni madogo, lakini atayaona kwa utulivu na kulala kwake.

Sanje yenyewe ni mto mmoja unaoanguka kwa hatua tatu, jumla mita 170, kwenye uso wa mashariki wa Udzungwa unaotazama bonde la Kilombero. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za kuzungukia kwa gari kama Mikumi. Kila kitu ni kwa miguu. Hilo ndilo linalowashangaza wengi waliozoea kutazama wanyama wakiwa wamekaa kwenye kiti.

Kwenda na kundi au mwenyewe

Makundi ya wikendi yanayotangazwa mitandaoni yana faida moja kubwa: Coaster inakuchukua mjini na kukufikisha mlangoni. Kabla ya kutuma pesa, uliza kimoja kimoja, kwa maandishi: kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei? Malipo ya mwongozaji je? Usafiri wa kutoka Mang'ula hadi kijiji cha Sanje, kama kilomita kumi, umo? Chakula ni milo mingapi, na cha njiani kimehesabiwa? Tukiwa wachache safari inaahirishwa au pesa inarudi? Anayejibu "usijali, kila kitu kimo" hajajibu. Uliza pia leseni yake ya utalii, ile inayojulikana kama TALA, na ulipe kwa lipa namba yenye jina la biashara. Pesa ikienda kwenye simu ya mtu binafsi, safari ikivunjika utabaki na picha ya tangazo tu.

Swali ambalo watu hulisahau ni ukubwa wa kundi. Watu 40 kwenye njia moja nyembamba ya msituni hupishana mwendo kiasi kwamba wa mbele anafika juu wakati wa nyuma bado anapumzika kwenye kona ya tatu, na kundi zima linaishia kumsubiri aliyechoka zaidi. Kumi na watano ni wengi vya kutosha. Wakizidi kumi, ombeni mwongozaji wa pili, mmoja mbele na mmoja mkiani.

Kwenda mwenyewe si vigumu. Mabasi ya Ifakara huondoka kila siku Kituo cha Magufuli, Mbezi, na hupita Mikumi, Kidatu, kisha Mang'ula. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mang'ula getini, siyo Ifakara, na umkumbushe tena mkishavuka Kidatu. Mwenye gari lake atoke kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili Kibaha impite kabla haijaamka. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi afuate vibao vya mwendo, kwani ukigonga mnyama unalipa faini kwa kila kichwa, na kiasi hutofautiana kulingana na mnyama.

Kiatu ndicho kinachoharibu safari

Tukitaja chanzo kimoja cha watu kurudi wakichechemea, ni viatu. Raba za mtumba za Karume au Kariakoo zinaweza kuwa nzuri kuliko mpya, lakini nyingi zimekaa kabatini miaka na gundi yake imekauka. Barabarani Dar hutaona kasoro. Zikilowa maji ya mto na kukanyagwa kwenye mteremko, soli inaachia mbele na kiatu kinaanza kucheka katikati ya msitu. Dawa yake ni rahisi: wiki mbili kabla, loweka raba kwenye ndoo ya maji kwa saa moja, kisha zivae utembee nazo mtaani mpaka zikauke. Zikianza kuachia, zipeleke kwa fundi viatu azishone soli kuzunguka, siyo kuzipaka gundi tena.

Soli iwe na meno na iwe laini. Ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiacha alama kidogo, ni mpira utakaoshika jiwe. Ukiteleza kama juu ya sahani, ni plastiki ngumu, na kwenye jiwe lenye ukijani itakuangusha. Sendo, ndala na raba za soli bapa ziache chumbani.

Jinzi nayo iache. Ikilowa inakuwa nzito, inabana goti kwenye kupanda na inachubua mapaja kwenye kushuka. Vaa suruali nyepesi ndefu na soksi ndefu zilizovutwa juu ya pindo la suruali, hapo siafu na kupe wanakosa mlango. Beba maji lita mbili kwa kila mtu, chakula kisichohitaji kupashwa moto (chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga), fulana ya kubadilisha, taulo dogo, na dawa zako kama unatumia. Simu iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana au mfuko wa turubai usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo usitegemee kuipata njiani. Usiku utahitaji neti au dawa ya kujipaka, kwani bonde la Kilombero lina mbu wa malaria miaka yote.

Kuhusu pumzi: mtu wa Dar anaishi kwenye tambarare, kwa hiyo kutembea kila jioni ufukweni hakumwandai kwa mlima. Panda na kushuka ngazi za ghorofa kwa dakika ishirini, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu. Msisitizo uwe kwenye kushuka, kwa sababu magoti huumia zaidi kwenye kurudi kuliko kwenye kupanda.

Getini

Siku ya kupanda, uwe ofisi ya hifadhi Mang'ula saa moja asubuhi. Raia wa Tanzania abebe kitambulisho cha NIDA, la sivyo hana cha kuonyesha kwamba anastahili bei ya raia. Mgeni wa nje abebe pasipoti. Kwa asiye wa Afrika Mashariki bei ni nyingine kabisa na huhesabiwa kwa dola. Usitegemee kulipa kwa noti mkononi. Unaandikiwa kumbukumbu namba, ile wengi wanayoiita kontroo namba, nawe unalipa kwa simu au benki. Hakikisha pesa iko kwenye simu tangu jana yake, pamoja na ya makato. Kundi linaloanza kutafuta wakala saa mbili asubuhi limeshapoteza saa nzima ya mwanga mzuri.

Mwongozaji ni lazima, tena ni haki. Mwambie mapema vitu vitatu: nani ana tatizo la goti, moyo au pumu, nani hajui kuogelea, na mnataka kuwa mmerudi chini saa ngapi. Aliye na watoto wadogo au mzee asiyeweza kupanda aombe njia fupi ya Prince Bernhard hapo hapo Mang'ula, kama kilomita moja, dakika arobaini. Ni maporomoko madogo, lakini familia nzima inafika. Mnaopanda Sanje mchukue gari, bajaji au bodaboda hadi kituo cha askari wa hifadhi Sanje, ambako njia inaanzia.

Njiani

Mwanzo unadanganya: njia ni pana, kivuli kizuri, watu wanacheka kwa sauti. Kisha inasimama wima. Nenda hatua fupi, kwa mwendo ambao bado unaweza kusema sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa kuimaliza, umeenda haraka mno. Pumzika dakika mbili mbili ukiwa umesimama, mara nyingi. Kukaa robo saa huacha misuli ipoe na kunyanyuka kunakuwa adhabu.

Usishike mti bila kuutazama. Kuna mimea inayotambaa yenye miiba na misafara ya siafu inayopanda magome. Mwongozaji akinyoosha mkono nyuma, simama na unyamaze. Pengine ameona kinyesi kibichi cha tembo. Ndiyo, tembo wapo kwenye mlima huu, na kona za njia ni fupi.

Ukinyamaza vya kutosha utamsikia mbega mwekundu wa Iringa akiruka juu ya majani, na ukiwa na bahati, ngolaga, nyani mwenye kishungi ambaye jina lake la kigeni limebeba jina la Sanje. Wanasayansi walimgundua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari, na waliwaambia ni nani anayelia. Mwulize mwongozaji sauti gani ni ya nani, na mpe nafasi ajibu, kwani spika ya muziki mgongoni humnyang'anya kazi yake.

Kuvuka mawe yaliyolowa kuna namna yake. Jiwe jeusi linalong'aa au lenye ukijani ndilo linaloteleza. La kijivu lililokauka na lenye kukwaruza kama msasa ndilo la kukanyaga. Weka mguu mzima bapa, siyo kisigino, kunja goti kidogo, hamisha uzito polepole, na mguu wa nyuma usiondoke mpaka wa mbele umetulia. Usirukie. Wengi huanguka kwa sababu walikuwa wanatazama skrini ya simu, kwa hiyo picha ipigwe mkiwa mmesimama.

Kwenye maji

Uliza kwanza bwawa gani linaruhusiwa siku hiyo, kwani linaloogelewa Julai huenda lisiingilike Aprili. Ingia kwa kutembea. Kamwe usirukie kichwa mbele: povu huficha mawe, na kina hubadilika kila msimu mto unapohamisha magogo. Usisimame chini kabisa ya maji yanapoangukia hata kama kila mtu anataka picha hiyo, maana mto hubeba pia vijiwe na matawi, na kutoka juu hivyo kijiwe ni risasi. Ukingo wa juu wa maporomoko kaa mbali nao hatua tano, hata pakiwa pakavu.

Mvua inaweza kunyesha mlimani juu huku kwenu kuna jua. Dalili ziko kwenye maji: rangi inageuka kuwa ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaongezeka ghafla, mlio unakuwa mzito. Ukiona moja tu kati ya hizo, toka upande juu, usisubiri kuvaa viatu vizuri.

Picha na upinde wa mvua

Maporomoko yanatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linayapiga usoni na la alasiri linayaacha kivulini. Hii ndiyo faida nyingine ya kuanza saa moja. Upinde hutokea upande ulio kinyume na jua, ukikizunguka kivuli cha kichwa chako kwa nyuzi 42. Simama jua likiwa kisogoni, tafuta kivuli chako, kisha inua macho kwenye manyunyu. Mpaka kama saa tatu na nusu unaweza kuuona mbele yako. Jua likipanda zaidi upinde unazama, na utauona tu ukiwa juu ya manyunyu ukitazama chini. Futa kioo cha kamera kila baada ya picha mbili kwa kitambaa kikavu cha pamba. Droni usiibebe bila kibali.

Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti: masika yameisha, mto bado umejaa na njia imeanza kukauka. Machi hadi Mei maji ni mengi na ya kutisha, lakini njia inageuka sabuni. Kuelekea Oktoba mlima ni mkavu na rahisi, maji nayo yamepungua.

Kurudi

Shuka kwa fimbo, hatua ndogo. Takataka zote rudini nazo, maganda ya ndizi yakiwemo. Asante ya mwongozaji si lazima. Mkitoa, mpeni mkononi mwake mwishoni, siyo mwanzoni. Jioni ukioga, kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa kama kuna kupe.

Tiketi ya basi la Jumapili ikate Jumamosi hiyo hiyo mkirudi Mang'ula, kabla ya kwenda kulala. Mabasi yanaanzia Ifakara, na asubuhi yanapofika getini viti vinaweza kuwa vimeshajaa.