Mashine ya maji imeota ute: jinsi ninavyoiosha hapa Lamu

Kila Julai, nyumba za wageni za Shela zikifunguliwa baada ya masika, simu zinaanza: "Fundi, mashine haitoi maji." Mashine hizi ni za RO: husukuma maji ya chumvi kwenye membreni, ngozi nyembamba inayopitisha maji matamu na kuzuia chumvi. Mara nyingi mashine haijafa. Ililazwa wiki kadhaa na maji ya kisima tumboni, kwenye joto letu hili, na bakteria wakapata pa kujenga. Ute wenyewe unaujua, ni ule wa ukuta wa birika la msikiti lisiposuguliwa. Ila kwenye membreni huuoni, unausoma kwenye geji.

1. Hakikisha ni ute. Fungua filta ya mikroni 5, ile inayotangulia membreni, pitisha kidole kwenye katriji, kichujio kilicho ndani yake. Ikiteleza kama mlenda na kunuka matope ya mikoko, basi ni ute. Kisha toa presha ya kutokea kwenye presha ya kuingilia. Tofauti ikizidi ile ya siku mashine ilipokuwa mpya kwa asilimia 15, au maji matamu yakipungua kwa asilimia 10 kwa presha na joto lile lile, osha. Usingoje izibe, ute mzee haung'oki. Kama membreni zimefuatana, ute huanza ya kwanza. Chokaa huanza ya mwisho.

2. Changanya dawa. Tumia maji matamu yaliyotoka kwenye mashine. Membreni mbili za inchi 4 zinatosheka na lita 40. Vaa glavu na miwani. Dawa yenyewe, kostiki soda, ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usigeuze. Anza na gramu 10, koroga, pima, ongeza kidogo kidogo, simama pH (kipimo cha asidi na magadi) ikifika 12. Joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo mimi huanza alfajiri. Maji ya tangi jeusi la darini adhuhuri yanapita hapo. Soma pia karatasi ya mtengenezaji, kuna membreni zisizovumilia pH hiyo. Sabuni ya unga ya kufulia usitie, itaziba upya.

3. Zungusha, loweka, zungusha. Presha iwe ndogo kiasi kwamba maji matamu hayatoki. Ukisukuma kwa nguvu unaukandamiza ute ndani. Maji ya mwanzo yanayorudi machafu yamwage. Zungusha nusu saa, zima, loweka saa moja (muda wa chai na mahamri), kisha zungusha tena, safari hii kwa kasi, kama lita 30 kwa dakika kwa kila bomba la inchi 4 linalobeba membreni. Pima pH katikati, ikishuka ongeza. Dawa ikirudi na rangi ya chai ya rangi, moyo wangu hutulia.

4. Suuza kwa maji matamu mpaka pH irudi kawaida. Kama kuna chokaa pia, asidi ya sitriki ifuate sasa. Ikitangulia, ute unashikana zaidi. Dawa iliyotumika ipooze kwa asidi hiyo hiyo kabla ya kuimwaga, maana mitaro ya mjini inaishia baharini.

Sasa klorini. Mwaka wangu wa kwanza niliona ujanja, nikaipitisha moja kwa moja. Ute ulitoka, maji yakabubujika, mwenye nyumba akanishukuru sana. Baada ya siku chache chai yake ikawa na chumvi. Klorini inaila ngozi ya membreni, na iliyoliwa hairudi. Itie kwenye tangi la maji ghafi ukitaka, lakini iuliwe kwa unga wa metabisulfaiti kabla haijafika kwenye membreni. Filta ya mkaa nayo inaiua, ila yenyewe hugeuka kiota cha bakteria, kwa hiyo ikague.

5. Ukifunga nyumba, suuza kwa maji matamu, kisha jaza maji yenye metabisulfaiti, gramu 10 kwa kila lita, na ufunge hewa isiingie. Usiichanganye na asidi, gesi yake inakaba kifua. Pima pH kila wiki. Ikikaribia 3 badilisha, na hata isipofika, badilisha kila mwezi. Mimi hubandika tarehe kwenye bomba, maana anayefungua msimu ukianza huwa si yule aliyefunga. Na chini yake naandika kwa kalamu nene: maji ya saa ya kwanza usinywe, mwaga.